Oili Chini ya Gari la Mjomba

Jumatatu, 4 Agosti 1958. Mnyambe.

Nimewasha moto, nimemnyonyesha Saidi. Jino la juu bado halijatoka, ananing'ata badala ya kunyonya. Nimetwanga makopa ya muhogo nusu kinu. Asumini kamwaga kunde, nimemwambia aziokote zote, mpaka ya mwisho. Kaokota huku analia. Zile za mwisho nimemsaidia.

Chini ya gari pana doa jeusi. Juzi lilikuwa kama kisahani, leo kama sinia. Baba Asumini kainama, kagusa kwa kidole, kanusa. Oili. Anasema gari zee halikosi kudondoka, ni kama mzee kutokwa na machozi bila kulia. Sikucheka. Nilikuwa na usingizi.

Gari ni pikapu ya mjomba wangu. Aliinunua mnadani Nachingwea, Wazungu waliposhindwa na karanga zao. Mume wangu ndiye dereva. Kiangazi analeta mapipa ya maji kutoka bombani Newala, siku nyingine anateremka Masasi na watu na mihogo. Likisimama, sisi wanawake tunateremka bondeni kwa miguu kutafuta maji. Asubuhi yote inaishia njiani.

Jumatano, 6 Agosti

Maji yamefika jua limeshapinda. Ndoo za watu zimepangwa hapa uani tangu asubuhi, na wenyewe wamekaa juu yake. Baba Asumini kasimama njiani mara tatu kuongeza oili. Mshale wa kupimia oili ulikuwa umelala kabisa. Kopo alilobeba la akiba limekwisha.

Kaingia chini ya gari na nguo zake nzuri. Shati la bluu ndilo hilo hilo la kwendea msikitini. Nimelifua kwa sabuni na mchanga. Doa limebaki.

Ijumaa, 8 Agosti

Mjomba kaja baada ya sala. Kasimama mbali na kanzu yake, kaliangalia doa, kauliza: "Hivi wewe ni dereva au muuza mafuta?" Waliokuja kuchota maji wakacheka. Baba Asumini naye akacheka. Kicheko chake nakijua. Kile hakikuwa chake.

Mjomba kasema mbele ya watu wote: si kesho, Jumamosi ile nyingine. Siku hiyo gari likiwa bado linavuja, atamuuzia mfanyabiashara mmoja wa Masasi alikate vipuri. Kwetu mjomba akishasema, mama hasemi, na mimi sisemi. Ndivyo tulivyokuta.

Jioni Baba Asumini hakula. Nikamuuliza kunani. Kasema wakala wa mkonge yuko Masasi, anaandika majina. Lori lake linaondoka Jumamosi hiyo hiyo. Gari likiuzwa na yeye anakwenda. Mkataba miaka miwili, Tanga.

Nikamwambia hapa kuna shamba. Akajibu: "Shamba la mama yako. Nyumba ya ukoo wenu. Gari la mjomba wako. Changu hapa ni kipi, Mama Asumini? Hii spana?"

Ni kweli, kwetu mwanamume anakuja kukaa kwa mkewe. Lakini baba yangu naye alikuja hivyo hivyo, akakaa mpaka kufa kwake.

Mume wa jirani yetu Mama Fatu alikwenda mkonge. Huu mwaka wa tatu. Alileta salamu mara moja, na shuka.

Jumapili, 10 Agosti

Kutwa nzima boneti iko wazi. Anasema ni gasketi ya mfuniko wa juu wa injini, imekauka, haizibi oili. Mpya hakuna, Newala hakuna, pengine Lindi. Kachukua boksi la sabuni, kapaka oili ukingo wa mfuniko, kaubonyeza juu ya boksi apate alama, kakata kwa wembe. Kazi safi. Hata matundu ya boliti kayatoboa kwa msumari wa moto. Kisha kapaka sabuni ya kipande pande zote mbili. Sabuni yangu.

Wakati anakata hakuzungumza, wala mimi. Nilikuwa nimekaa karibu na Saidi mgongoni, nashika boliti kwenye kibakuli zisipotee mchangani. Nilipenda saa zile. Naandika kwa sababu sikumwambia.

Jumatatu, 11 Agosti

Linavuja. Zaidi ya jana.

Jumanne, 12 Agosti

Gari haliwezi kwenda Newala. Nimeteremka bondeni na wenzangu tangu alfajiri. Kushuka si tabu. Kupanda na mtungi kichwani na mtoto mgongoni, magoti yanatetemeka, na ukijikwaa umerudi na kiu yako. Mama Fatu alikuwa mbele yangu anaimba. Baadaye akaniuliza: "Wako naye anakwenda?" Kumbe watu wote wameshajua. Nikamwambia bado. Akasema: "Wangu alisema bado mpaka asubuhi ya safari."

Nimemkuta Baba Asumini kabadilisha boliti mbili za chini. Kasema safari hii kapata. Mchana kawasha. Oili ikaanza kudondoka upande mwingine, nyuma, inakokutana na gia. Akalipiga gari teke. Nikamwambia asipige mali ya mjomba mbele ya watoto. Akaondoka kwa miguu, akarudi saa ya kula.

Nimechoka. Na hasira ninayo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemuuliza inavuja wapi hasa. Kasema pote pameloa, hajui ilikoanzia. Hapo nikamwambia la mtungi. Mtungi ukivuja na ufa hauonekani, mama yangu anajaza maji, anapaka majivu kwa nje, anakaa kusubiri. Penye ufa majivu yanalowa.

Akanitazama. Akasema: "Lete majivu." Nikasema majivu na oili rangi ni moja, hataona kitu. Nikaleta unga wa makopa. Bakuli mbili, uliobaki wa wiki hii. Moyo uliniuma lakini nikaleta.

Kwanza tuliipangusa injini yote kwa mafuta ya taa na matambara, mpaka chuma kikaonekana. Tukaacha ikauke. Tukalisukuma gari nyuma ya nyumba upepo usipeperushe. Halafu nikarusha unga kwa kiganja, yeye akipuliza pembeni kwenye kona. Injini ikawa nyeupe kama mwali anayetolewa nje. Asumini alicheka mpaka akakaa chini. Baba yake pia. Wiki nzima sijakisikia kile kicheko.

Akawasha. Tukachuchumaa, tukatazama.

Mbele, nyuma ya feni: mstari mweusi. Kwenye mfuniko wa juu: mstari. Huko nyuma kwenye gia: mstari. Pembeni, kile kijiti cha kupimia oili kilijiinua chenyewe kikatoka kwenye tundu lake, na unga unaokizunguka ukalowa. Mahali panne kwa mara moja. Akazima.

Kafunga boneti taratibu, kama mtu anayemfunika maiti. Kisha kasema kesho tunalipeleka Masasi kwa Fundi Bakari, asipoweza basi.

Sikusikia "tunalipeleka". Nilisikia "basi".

Alhamisi, 14 Agosti. Masasi.

Asubuhi nikaona kafungasha. Blanketi, shuka, sufuria ndogo, vyote kwenye gunia nyuma ya kiti. Mtu anayepeleka gari kwa fundi habebi sufuria. Nikamvalisha Saidi, nikamshika Asumini mkono, nikapanda mbele bila kuitwa. Akasema safari ni mbaya kwa watoto. Nikamwambia: "Ukienda mkonge, waage mwenyewe. Mimi sitakuwa na maneno ya kuwaambia." Akawasha gari.

Alikuwa na galoni mbili za oili za kuazima. Tumesimama Newala, tukasimama njiani, tukasimama tena Chiungutwa. Kila tukisimama anamimina, mimi nashika faneli ya karatasi. Kuteremka ile miinuko gari lilikuwa linafuka moshi wa bluu nyuma, watu wanaziba pua. Mzee mmoja wa Chiungutwa akauliza kama tunachoma mkaa. Tulifika alasiri na nusu kopo.

Tumefikia kwa wifi yangu, dada yake Baba Asumini. Katupa chai na muhogo. Fundi kasema tuliache gari kwake, ataliona kesho.

Baba Asumini katoka kwenda mjini saa moja nzima. Aliporudi hakuniambia alikuwa wapi.

Ijumaa, 15 Agosti. Masasi.

Fundi Bakari ni Myao, mtu mzima. Alikuwa dereva wa jeshi vitani Bama, kwenye vita na Wajapani, huko ndiko alikojifunza injini. Ana vidole vinene na sauti ndogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza: "Na wewe ni fundi?" Nikasema mimi ni mama wa watoto. Akasema: "Basi ni fundi."

Asubuhi alikuwa na lori la mtu. Tukasubiri. Kisha akaenda kusali, na Baba Asumini akaenda naye. Tukasubiri tena. Saidi kalia mpaka kalala. Nilikuwa nahesabu: leo Ijumaa, kesho lori la mkonge, kesho Mjomba.

Walirudi. Fundi kafungua boneti, kaona unga uliogandamana na oili. Akauliza kama gari letu linakula ugali. Baba Asumini akamweleza habari ya mtungi. Fundi hakucheka. Akauliza: "Ukavuja wapi?" Mahali panne. Akatikisa kichwa. Kasema mtungi unapasuka mahali pamoja. Ukiona unatoka jasho kila mahali kwa siku moja, usitafute ufa, tafuta kinachosukuma kutoka ndani.

Akawasha. Akalegeza kifuniko cha kujazia oili. Kikamponyoka mkononi kikaruka, pumzi ya moto ikatoka ndani ikampiga usoni. "Limevimbiwa," akasema. "Linapumulia wapi hili?"

Baba Asumini akaonyesha bomba dogo pembeni mwa injini, limesimama. Kofia yake ya wavu ilianguka njiani tangu mwezi wa sita. Mdomoni pana tope la nyigu, limekauka gumu, rangi moja na chuma kilivyochafuka. Sisi wote tulikuwa tumeliona tukadhani ni sehemu ya bomba. Fundi akagonga kwa bisibisi. Tope likaanguka. Chini yake palikuwa na kitambaa. Akakivuta. Kilikuwa kirefu, kinatoka kama utumbo wa kuku. Chekundu, maua meupe.

Ni kanga yangu. Ile niliyoichana nepi za Saidi.

Fundi akauliza: "Nani kamziba mgonjwa pua?" Baba Asumini akasema hajui. Nikasema: "Mimi."

Ilikuwa hivi. Mwezi uliopita alikuwa anaosha injini, kaniita nimshikie ndoo. Nikaona mdomo uko wazi. Vumbi lote lile la njia ya Newala, na nyigu wanazunguka. Kwetu hatuachi mdomo wa chombo wazi. Maji yanatoka mbali, mtungi una kifuniko, ndoo ina majani, kibuyu kina kizibo. Mtoto wa miaka mitatu akiacha mtungi wazi anachapwa. Nikachana kitambaa, nikakisokota, nikakishindilia kwa kijiti vizuri kabisa. Nilifanya kwa mapenzi. Nikasahau. Nyigu wakaja wakamalizia kwa tope lao.

Nikaeleza hivyo. Fundi Bakari akashika fenda, akacheka mpaka machozi. "Watu wa juu milimani ninyi! Mnafunika hata pumzi!" Akawaita vijana wa gereji waje wanione. Nilisimama tu. Saidi mgongoni, uso unaniwaka.

Baba Asumini hakucheka. Kakichukua kitambaa, kafutia mikono, kaenda kunawa. Nilitaka agombe. Hakugomba.

Fundi kasafisha bomba, katengeneza kofia ya wavu kutoka kichungio cha chai. Gasketi ya boksi kaiangalia, kasema: "Aliyeikata hii ana mkono." Hakuitoa. Kanawisha injini, kawasha. Tumekaa karibu saa nzima. Mbele, kukavu. Juu, kukavu. Kijiti kimetulia kwenye tundu lake. Nyuma kwenye gia palitoka tone moja, likaning'inia, halikudondoka. Fundi kasema hilo ni jasho la uzee, tuliache.

Jioni, wifi akiwa jikoni, Baba Asumini akaniambia. Jana alipotoka alikwenda kwa wakala. Kaandika jina. Kesho asubuhi wataitwa mmoja mmoja.

Nikamuuliza: "Uliandika kwa sababu ya gari?"

Akasema: "Nusu."

Nimeumia. Lakini afadhali kasema. Nusu nyingine sikuiuliza, naijua. Aliniambia siku ile ya Mjomba. Nikamwambia mimi sitamshika shati. Na sitamwambia nenda. Nikamlaza Saidi katikati yetu.

Jumamosi, 16 Agosti

Njia ya kurudi inapita pale pale lori la mkonge lilipo. Nilipanda mbele na watoto. Gunia liko nyuma ya kiti kama lilivyokuja. Sikuligusa wala sikulitazama.

Watu wengi. Wanaume wamechuchumaa kwa mistari, wake zao upande wa pili wa barabara. Karani kasimama juu ya boksi na karatasi. Baba Asumini akasimamisha gari ng'ambo. Hakuzima injini. Mikono yake yote miwili juu ya usukani.

Majina yakaitwa. Anayeitwa anasimama, anapewa kipande cha kazi, anapanda. Mwanamke mmoja alimfuata wake mpaka kwenye lori akampa kifurushi, akarudi bila kugeuka.

"Hamisi Mtepa!"

Ni yeye. Asumini akageuka kumwangalia baba yake, maana jina analijua. Nikamwekea mkono kichwani akatulia. Nilitazama kioo. Kilikuwa na vumbi na mdudu aliyekufa.

"Hamisi Mtepa! Yupo?"

Mtu mmoja kwenye mstari akasema labda kalala kwa mkewe. Wakacheka. Karani akachora kwenye karatasi yake, akaita jina lingine.

Baba Asumini akaingiza gia. Tukafika Chiungutwa. Pale akasimama, akafungua boneti, akachungulia, akachomoa kijiti, akakifuta kwenye suruali, akapima. Akaniletea dirishani nione. Oili iko pale pale ilipokuwa Masasi.

Nikasema: "Sawa."

Akasema: "Sawa."

Kupanda miinuko gari lilikwenda kwa gia ya kwanza, taratibu, bila moshi. Mikorosho yote inatoa maua. Sikuwa nimeiona wakati wa kushuka. Saidi alilala njia nzima. Jino limetoka, dogo kama punje ya mtama.

Jumapili, 17 Agosti. Mnyambe.

Mjomba alitakiwa aje jana, kaja leo. Tulitandika gunia safi chini ya injini, gari likanguruma, tukasubiri. Mjomba safari hii kainama mwenyewe, kanzu kaishika mkononi. Gunia kavu.

Akauliza ugonjwa ulikuwa nini. Baba Asumini akasema: "Bomba la pumzi liliziba." Akauliza liliziba na nini. Baba Asumini akasema: "Vumbi, mjomba. Na nyigu."

Alinificha. Sikumtuma.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mjomba alikwisha kumwita muuza mafuta mbele ya watu, na maneno hayo yatabaki kwake. Nikapiga goti, nikasema: "Ni mimi mjomba. Niliziba kwa kitambaa. Dereva hana kosa."

Mjomba akanitazama, akamtazama mama yangu aliyekuwa anapepeta mlangoni. Akasema: "Mama yako naye angeziba. Bibi yako angeziba na kufunga kamba juu." Mama akajifanya hakusikia, lakini ungo ulimtetemeka kwa kucheka.

Kisha Mjomba akamwambia Baba Asumini jambo ambalo sikulitegemea. Kasema kiangazi kikiisha, kile kipande cha juu ya njia, chenye mikorosho michanga, atampa akilime. Chake. Kasema kama mtu anayeagiza chumvi, akaondoka.

Sijui kama alijua habari ya mkonge. Pengine alijua. Hapa watu wanajua kila kitu.

Jumanne, 19 Agosti

Maji yamekuja mara mbili leo kutoka Newala. Nimefua nguo zote. Nimefua hata zisizochafuka.

Baba Asumini karudi safari ya pili, kala ugali na kisamvu, kajinyoosha kwenye mkeka baraza ya nyuma. Saidi kamtambalia mpaka kifuani, naye kalala pale. Wote wawili midomo wazi.

Mama Fatu kaja na ndoo, kasema watu wanauliza kama dereva atakwenda safari ya tatu. Nimemwambia awaambie wasubiri. Amelala.